Wanawake wa leo hawajawazidi mama zao kwa kuzaa

Juzi tena kiongozi mmoja amesimama mkutanoni akasema Kenya imejaa kwa sababu wanawake wa siku hizi wanazaa ovyo. Nimechoka kuisikia kauli hii.

Utafiti wa 1977/78 ulikuta kiwango cha uzazi ni takriban watoto 8 kwa mwanamke. Ule wa 2022 ulikuta 3.4. Ndiyo, sensa ya 1979 ilihesabu watu milioni 15.3 na ya 2019 milioni 47.6. Basi wametoka wapi?

Chukua familia moja. Mama ana watoto wanane, wanne wa kike. Mabinti hao wakizaa watatu watatu tu, wajukuu ni kumi na wawili. Kila binti amezaa chini ya nusu ya mama yake, lakini kizazi kipya kimekizidi kilichotangulia, na bibi yungali hai. Hapo sijagusa chanjo, zilizowafikisha utu uzima watoto ambao zamani surua ingewazika. Hata kama uzazi ungeshuka kesho hadi watoto wawili, idadi ingezidi kupanda kwa miongo kadhaa, kwa sababu wazazi watarajiwa wamekwisha kuzaliwa. Anayeahidi matokeo ndani ya miaka mitano hajaitazama piramidi ya umri, yaani mchoro unaoonyesha watu ni wangapi katika kila rika.

Na huko "kujaa" ni wapi? Mwaka 2019 kaunti ya Vihiga ilikuwa na watu 1,047 kwa kilomita ya mraba, ile ya Mandera 33. Lakini ni Mandera iliyokutwa na uzazi wa juu kuliko kaunti zote katika utafiti wa 2022, watoto 7.7 kwa mwanamke. Vihiga shamba limegawiwa wana, na wana wao, hadi zimebaki nyumba na mistari michache ya mahindi. Udongo haupumzishwi hata msimu mmoja.

Kuna jambo linalonisumbua. Kati ya 1998 na 2003 uzazi uliacha kushuka: 4.7, kisha 4.9. Tunafundisha kwamba fedha za upangaji uzazi zilihamia kwenye UKIMWI. Maelezo hayo yananitosheleza nusu tu, maana elimu na uchumi navyo viliyumba, na sijaona hesabu inayovitenganisha vizuri.

Mwaka 2022, asilimia 14 ya wanawake walioolewa walitaka kuchelewesha mimba au kuacha kuzaa, na hawakuwa wakitumia njia yoyote. Wapo wanaofika zahanati wakaambiwa sindano za kupanga uzazi zimekwisha, warudi mwezi ujao. Kiongozi aanze na stoo ya zahanati hiyo.