Kolera: Mnyweshe Mgonjwa, Mlete Usiku Uleule

Kolera ni nini?
Ni ugonjwa wa kuhara. Kijidudu chake hutoka katika choo cha mgonjwa na kuingia kinywani kwa maji, chakula au mikono. Mgonjwa huhara maji meupe kama yaliyooshewa mchele, mengi, mara nyingi bila homa.

Akinywa maji si atazidi kuhara?
Hapana. Anahara kwa sababu ya kijidudu. Kinachoua ni kukaukiwa maji na chumvi mwilini, kwa hiyo anayemnyima maji anamsukuma kaburini. Akitapika, ngojeni dakika 10, kisha endeleeni kijiko kwa kijiko. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

SRO, ile pakiti ya unga wa chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, inachanganywa namna gani?
Pakiti 1 kwa lita 1 kamili ya maji safi. Hapa wengi wanakosea: chupa kubwa ya bia ina sentilita 72, haifiki lita. Pakiti nzima humo inazidisha chumvi, nayo inamdhuru mtoto. Chukueni chupa ya maji ya lita 1 na nusu, mjaze theluthi mbili. Pakiti ikikosekana, tieni katika lita 1 vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Yakipita saa 24, mwageni.

Tumpeleke kwanza kwenye maombi, au tungoje kuche?
Hapana, na tena hapana. Kolera inaweza kuua kwa saa chache. Ombeni mkiwa njiani. Macho yakishaingia ndani, ngozi ya tumbo ikifinywa ikikawia kurudi, mkojo ukikatika, mmeshachelewa. Mara tu anapohara maji matupu, mpandisheni pikipiki hadi kituo cha afya usiku huohuo, mwenye kumshika nyuma abebe chupa ya SRO na kumnywesha. Vidonge vya kufunga tumbo msimpe.

Sisi wa kando ya Ziwa Kivu tunachota ziwani. Tufanye nini?
Palipo na mtu wa kutia klorini, dawa ya kuua vijidudu majini, ufukweni, msimkwepe kwa sababu ya foleni au harufu. Sugueni bidoni (dumu la maji) ndani kwanza, maana utelezi unakula klorini. Akishatia dawa, ngojeni dakika 30 ndipo mnywe. Pasipo klorini, chemsheni hadi yatokote. Karibu na Goma mwamba wa volkano ni mgumu kuchimba choo, lakini hiyo si ruhusa ya kujisaidia ufukweni. Na nguo za mgonjwa zisifuliwe ziwani kamwe: zilowekwe nyumbani katika maji ya klorini, na maji hayo yamwagwe chooni.