Swali la "Yule Ametoka?" Limenichosha

Jana natoka msikitini baada ya Isha, kiatu cha pili sijakivaa, kijana wa mtaani kwetu kanishika mkono. "Kocha, kwenye kriketi wakimtoa yule mpigaji wa kwanza mapema, si mechi imekwisha?" Nikamwambia nenda kalale. Nimefika nyumbani mimi mwenyewe usingizi umekataa, ndiyo naandika. Atakayeniuliza tena nitamtumia hii, salamu baadaye.

Swali hili nalisikia hapa Malindi tangu enzi za kutazama kriketi kwenye runinga ya dukani kwa ami, waliokuja kununua unga wakingojeshwa mpaka ova, ile mipira sita ya mrushaji mmoja, iishe. Jina tu ndilo hubadilika. Lilikuwa Jayasuriya, likaja Sehwag, likaja Gayle, siku hizi ni Travis Head wa Australia. Hofu ni ile ile: yupo mtu mmoja anafungua dimba, yaani anaanza kupiga, akikaa tumekwisha, akitoka tumeshinda, na wale kumi wengine wamekuja kumsindikiza.

Mepesi niyamalize haraka. Hapana, nahodha hawezi "kuwaweka wote mpakani". Ova 6 za kwanza za T20, mechi ya ova 20 kila timu, na ova 10 za kwanza za mechi ya ova 50, wadakaji wanaoruhusiwa kusimama nje ya duara lililochorwa ndani ya uwanja ni watu 2 tu. Nyuma ya duara ni uwanja mtupu, na mpira mpya ni mgumu, ukigongwa unakwenda. Hapo ndipo lilipo jini mnalodai anatembea nalo. Mlete huyo huyo ova ya 25, watu 4 wamemsubiri mpakani na mpira umeshachakaa, mwone anavyoanza kuokota moja moja kama sisi wengine. Yoka nayo, mpira wa kudunda miguuni kwa mpigaji, si dawa ya kila ugonjwa, nitaeleza mbele kwa aibu yangu mwenyewe.

Sasa hili linaloniunguza: eti akitoka yeye, mechi imekwisha.

Kombe la Dunia la 1996. Sri Lanka wamekuja na Jayasuriya na Kaluwitharana, watu wawili walioamua kwamba ova za mwanzo ni za kuchapa wakati wengine bado wanasalimiana na mpira. Wakenya tulionja, tena sana. Kandy, tarehe 6 Machi, walitupiga mikimbio 398 kwa wiketi 5, yaani wapigaji watano tu walitoka, rekodi ya dunia ya mechi za ova 50 wakati ule. Waulize wazee leo nani alituadhibu siku ile, watakwambia Jayasuriya, na mikono watairusha. Kitabu cha alama kinasema Jayasuriya alipata 44. Aliyetuzika ni Aravinda de Silva, 145, aliyeingia baada ya wafungua dimba. Lakini 44 zile zilikuja kwa mipira 27, zikiwa na kelele, na kelele ndiyo watu hukumbuka.

Wiki moja baadaye, nusu fainali na India, Kolkata. Ova ya kwanza kabisa, Srinath wa India anarusha. Kaluwitharana katoka. Jayasuriya katoka. Wote wawili ndani ya ova moja, wote wamedakwa pale pale, nyuma upande wa ofu, ule kifua cha mpigaji kinakoelekea, wakijaribu kukata. Mkimbio 1, wiketi 2. Nambieni, kuna dua ya shabiki iliyowahi kukubaliwa haraka kuliko hiyo? Kwa hesabu ya kijana wangu wa msikitini, India walikuwa wameshafika fainali, watu waende wakale.

Akaja de Silva. Hakujilinda, hakulia msiba, alichapa 66 kwa mipira 47 kana kwamba hakuona waliotangulia wakitoka. Sri Lanka wakafika 251. India walipofika 120 kwa wiketi 8 mashabiki wakaanza kurusha chupa uwanjani, na mwamuzi mkuu akawapa Sri Lanka mechi. Kisha fainali, Lahore, tarehe 17 Machi: Jayasuriya 9, Kaluwitharana 6. Wafungua dimba wawili wa kutisha kuliko wote duniani, jumla yao mikimbio 15, na kombe likaenda Colombo. De Silva 107, hakutoka. Mimi huwa nawarudisha watu Lahore kila wakianza, na wao huniangalia kama ninayesoma hirizi.

(Na msiniletee Afridi wa Pakistan na Nairobi. Ndiyo, Oktoba 1996, 100 kwa mipira 37, hapa hapa Kenya. Siku ile hakufungua dimba, aliingia wa tatu. Na wazee wanaodai walikuwepo wamekuwa wengi, uwanja ule ungebidi uwe mkubwa kama Tsavo.)

Upande wa pili wa hofu, wa "akikaa", nao una kasoro. Jumapili ya tarehe 19 Novemba 2023, fainali ya Kombe la Dunia, India na Australia, Ahmedabad, tulikaa kibandani kwa muuza kahawa tangu saa tano na nusu asubuhi. Wengi pale tulikuwa India. Rohit, mfungua dimba wa India, akaanza kwa fujo, 47 kwa mipira 31, mpaka alipopiga mmoja juu na Head, ndiyo, yule yule, akakimbia kinyumenyume akaudaka. Baada ya hapo nne, mipira ya kuvuka mpaka, zikawa adimu, India wakamaliza na 240. Alasiri Australia wakawa 47 kwa wiketi 3, meza zikapigwa, kahawa ikamwagika juu ya kashata. "Bado yeye tu!" akapiga kelele mmoja. Na yeye akabaki.

Tazameni basi alivyobaki. Mia yake ilichukua mipira 95. Alimaliza na 137 kwa mipira 120. Hapo hakuna mlipuko wowote, wapigaji wengi wa kawaida hufika kwa mwendo huo. Mwenzake Labuschagne alikuwa 58 kwa mipira 110, mwendo wa mkokoteni, na wawili hao wakajenga 192. Kibandani tulikuwa tukiogopa sita, mpira wa kuvuka mpaka bila kudunda, kila mpira tunashika vichwa tukisubiri sita, na huku moja moja na mbili mbili zinatumaliza kimya kimya kama mchwa. Nilipowaambia hilo wakasema kocha unamtetea.

Mwenye akili ataniuliza: mbona Rohit alipotoka India ilikwama? Na mbona 2024 kule ligi ya India ilikuwa vile? Hapo ndipo shati linanibana. Msimu ule Head na mwenzake wa Hyderabad, Abhishek Sharma, walipiga 125 ndani ya ova 6 huko Delhi bila wiketi kuanguka. Siku tano kabla, Head alikuwa amepiga 102 kwa mipira 41 pale Bengaluru, na timu ikafika 287. Halafu ikaja Mei. Mchujo wa kwanza, Starc, mrushaji wa Kolkata, akamng'oa stampu, vile vijiti nyuma ya mpigaji, kwa mpira wa pili, sifuri. Fainali ya Chennai, mpira wa kwanza aliokutana nao, sifuri tena. Na timu? 113, wote nje. Hapakuwa na de Silva.

Kwa hiyo kijana wangu, mara moja moja uko sawa, na hilo linaniudhi zaidi. Nadhani timu iliyojengwa yote juu ya ova 6 hufa zikifa ova 6, kwa sababu wanaofuata hujaribu kuchapa vile vile huku mpira unapinda. Lakini huo ni udhaifu wa waliobaki benchi. Na mnaona sifuri zenyewe: mtu anayechapa kila kitu mwanzoni ndiye wiketi rahisi kuliko zote siku nyingi, ila hizo siku nyingi hatuzisimulii barazani.

Mashaka yangu ni mengine. Wavulana wangu nawafundisha nilivyofundishwa Mombasa: mpira udunde pale pale, upande uguse juu ya stampu ya ofu, rudia mpaka achoke. Hawa wapigaji wa sasa wanasogeza mguu wa mbele pembeni kabla mpira haujatoka mkononi, na mpira ule ule mzuri unapita juu ya kichwa cha mtu wa kava, anayesimama mbele upande wa ofu. Niwaambie warushe polepole? Mfupi, udunde mbali na mpigaji? Mwezi uliopita nilisema mfupi, mwezi huu nimenyamaza.

Msimu wa kusi uliopita tulicheza na wageni, mkeka wetu wa makumbi umetandikwa, upepo unatoka baharini. Mfungua dimba wao alikuwa mnene, mkono wa kushoto, bati kama kafi. Mrushaji wangu ana miaka 16. Mipira miwili ya kwanza ilidunda mahali pake, ya tatu na ya nne zikaenda sita. Nikaona vidole vyake vinafuta jasho kwenye suruali, mara tatu, mara nne, hashiki mshono wa mpira tena. Mimi, mwalimu, nikapiga kelele, "Yoka!" Ikatoka fulutosi kiunoni, haikudunda kabisa, na mpira ukaenda kukwama kwenye kilele cha mnazi.

Tukaleta mpira mwingine mkuukuu. Mtoto akaniuliza, "Kocha, nirushe wapi?" Nikamwambia pale pale pa kwanza. Akarusha. Yule jamaa akakata, ukaja ncha tu ya bati, laini, moja kwa moja slipu, pale nyuma ya mpigaji. Slipu tulikuwa pungufu ya mtu, nilisimama mimi. Ukagonga kiganja, ukagonga kifua, ukaanguka.

Mkwezi alikuja jioni akateremsha mpira wetu na madafu mawili. Jamaa alikuwa ameshapiga 71.