Upekee wa Gemu: Nani Alilipa, na Alilipia Nini

Tangazo likisema gemu fulani ni ya PlayStation pekee (mashine ya Sony), au ya Xbox pekee (mashine ya Microsoft), maana ya haraka haina utata: ukiitaka, tafuta mashine hiyo. Ila wachezaji wakianza kubishana kuhusu upekee, na hukesha wakibishana, ugomvi huwa ni juu ya nani alilipa, na alilipia nini.

Kampuni inayotengeneza gemu kwa fedha zake na kuiweka kwenye mashine yake hailaumiwi sana. Mario na Zelda ni mali ya Nintendo, na hakuna anayezitarajia kwenye Xbox. Hata gemu ya studio ya nje husamehewa kama mwenye mashine ndiye aliyeiokoa. Bayonetta ya kwanza, ya 2009, ilichezwa kwenye PlayStation 3 na Xbox 360. Ya pili ilikwama baada ya Sega, mchapishaji wake, kuisitisha. Nintendo ikaibeba, ikatoka 2014 kwenye Wii U tu, mashine ya Nintendo. Kelele zilipigwa, lakini bila fedha za Nintendo isingepatikana popote.

Kinachouma ni gemu iliyokuwa njiani kuja kwako ikazuiwa. Agosti 2014, kwenye maonyesho ya Gamescom nchini Ujerumani, Microsoft ilitangaza kwamba Rise of the Tomb Raider ingetoka mwishoni mwa 2015 kwa Xbox pekee. Gemu iliyotangulia, ya 2013, ilikuwa imetoka PlayStation pia. Mtu aliyeanza kisa cha Lara Croft, shujaa wa gemu hizo, kwenye mashine yake akaambiwa akamalizie kwa jirani. Jukwaani hapakutajwa upekee huo ungeisha lini. Ghadhabu zilipopanda, Phil Spencer, mkuu wa Xbox wakati huo, akakiri kuwa mkataba ulikuwa na kikomo. Gemu ikatoka Xbox Novemba 2015, kompyuta Januari 2016, na PlayStation 4 Oktoba 2016. Kwa hiyo fedha zile hazikuongeza gemu duniani. Zilinunua karibu mwaka mmoja wa kuwasubirisha wengine.

Kuinunua studio yenyewe huleta maumivu ya aina hiyo hiyo. Microsoft ilikamilisha ununuzi wa ZeniMax, kampuni mama ya watengenezaji gemu Bethesda, Machi 2021, kwa dola bilioni 7.5. Waliozoea kucheza gemu za Bethesda kwenye PlayStation waliiona gemu yake mpya, Starfield, ikitoka 2023 bila wao.

Kwenye kompyuta mambo ni ya ajabu zaidi, maana huko hata mashine nyingine ya kununua hakuna; kinachobadilika ni duka la mtandaoni tu. Gemu ya Metro Exodus ilikuwa ikiuzwa kwa oda za mapema kwenye Steam, duka lililozoeleka la gemu za kompyuta. Wiki chache kabla haijatoka, Februari 2019, mauzo yakahamishiwa duka la Epic, mshindani wake, kwa mwaka mmoja. Waliokwisha kuiagiza waliipata Steam kama walivyoahidiwa, na kufungua akaunti ya Epic ni bure, lakini hasira zilikuwa za kutisha. Sizishangai. Mtu amekusanya gemu zake na marafiki zake sehemu moja kwa miaka, halafu anahamishwa kwa makubaliano ambayo hakushirikishwa. Epic ilijinadi kwamba hukata asilimia 12 tu ya mauzo badala ya 30 zilizozoeleka Steam, hoja inayomgusa zaidi muuzaji wa gemu.

Mchezaji aliyenunua mashine naye ana yake. Amechagua moja, ataishi nayo miaka, na gemu ambayo wengine hawana ndiyo ushahidi kwamba hakukosea. Ndiyo maana Horizon Zero Dawn, iliyotoka PlayStation 4 mwaka 2017, ilipofika kwenye kompyuta 2020, wako walionuna, ingawa diski zao hazikupungua kitu. Naielewa hisia hiyo, hata kama siioni kuwa na mashiko.

Siku hizi "pekee" mara nyingi ni "kwanza", kwa hiyo soma maandishi madogo. Tena yasome vizuri. Final Fantasy VII Remake ilipotoka PlayStation 4 Aprili 2020, upekee wake ulikuwa wa mwaka mmoja. Wenye kompyuta wakahesabu miezi hadi Aprili 2021, na gemu haikuja. Ilifika Desemba. Tarehe ya mkataba husema lini mchapishaji anaruhusiwa kuiuza kwingine. Haimlazimishi awe tayari siku hiyo.