Hadithi fupi za Kireno kuhusu uzee na majuto: dhana potofu na ukweli

Dhana: Hadithi za Kireno ni za Ureno tu.
Tatu kati ya nne zilizomo humu ni za Brazili. Msumbiji nayo, jirani wa Tanzania, ina Mia Couto. Mkusanyiko wake wa hadithi, *Vozes Anoitecidas* (1986), unafunguliwa na mzee anayemchimbia mkewe kaburi ilhali mke mwenyewe yu hai.

Dhana: Msimuliaji akijichanganya, mfasiri amnyooshee maneno.
Hapa ndipo tafsiri huharibika. Katika “Missa do Galo” ya Machado de Assis, msimuliaji, Nogueira, anakumbuka mkesha wa Krismasi jijini Rio de Janeiro. Alikuwa na miaka 17, akaketi sebuleni usiku na Conceição, mke wa mwenye nyumba, aliyekuwa na miaka 30. Mwaka wenyewe hana hakika nao: 1861 au 1862. Anakiri kwamba kumbukumbu nyingine zimekatikakatika na kwamba anajipinga mwenyewe. Mfasiri akichagua mwaka mmoja, au akiziba mapengo ili mazungumzo yatiririke, ameiua hadithi, maana raha yake yote ni kwamba hadi leo mtu huyu hajui kama alitakwa ama la. Unaposoma, weka alama kila anapojirekebisha, kisha rudia sentensi ya kwanza: anasema wazi kwamba hakuwahi kuyaelewa mazungumzo yale.

Dhana: Wazee wa hadithi hizi ni wapole na wenye hekima.
Msome bibi wa “Feliz Aniversário” ya Clarice Lispector, iliyomo katika *Laços de Família* (1960). Anatimiza miaka 89. Binti yake amemvika mapema, akamnyunyizia kolonya kuficha harufu ya kukaa ndani, akamketisha mezani tangu saa nane mchana, wageni hata hawajafika. Keki imeshakatwa, watu wanasemezana, na bibi anatema mate sakafuni. Kisha anadai glasi ya divai. Majuto anayo, ila si ya upole: anashangaa yeye aliyekuwa na nguvu vile amezaaje watu hafifu namna hii.

Dhana: Majuto lazima yatokane na uovu.
Katika “A Terceira Margem do Rio” ya João Guimarães Rosa (1962), baba anahamia mtumbwini katikati ya mto, harudi tena nchi kavu. Miaka inapita. Mwana anajitolea kushika nafasi yake, baba anainua mkono na kupiga kasia kumjia, na mwana anatimua mbio. Kosa ni hilo tu. Muda wenyewe upime kwa mtumbwi, ulioagizwa udumu majini miaka 20 au 30, na kwa mvi za huyo anayekimbia.