Elimu ya lazima na utoro: maana yake nchini Uganda

Nchini Uganda, elimu ya lazima ni wajibu wa kisheria: mtoto aliyetimiza miaka 6 aandikishwe shule ya msingi, asome miaka saba. Elimu ya msingi kwa wote ilizinduliwa Januari 1997, mwanzoni kwa watoto wanne wa kila familia. Ulazima ukaandikwa katika Sheria ya Elimu ya mwaka 2008. Utoro ni kukosa masomo mara kwa mara bila sababu inayokubalika, kwa mtoto ambaye tayari ameandikishwa.

Wengi wakisikia "lazima" hudhani serikali imebeba kila kitu. Sivyo. Sheria hiyo hiyo inamwachia mzazi chakula, mavazi, matibabu na nauli. Karo haitozwi shule za mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na mtoto hapaswi kukataliwa kwa kukosa mchango. Hata hivyo, muhula ukiwa katikati utakuta watoto wenye sare wanarudi nyumbani asubuhi, wametumwa pesa ya uji au ya mtihani. Akikaa nyumbani wiki nzima, majirani wanamwita mtoro. Hiyo ni dhuluma. Aliyefukuzwa hakutoroka, na kumtisha mzazi wake kwa polisi hakuleti pesa ya uji.

Utoro wa kweli upo pia: mashamba ya miwa Busoga, machimbo ya dhahabu Busia, kufukuza ndege kwenye mpunga, siku ya soko. Mara nyingi mzazi anajua, maana ndiye aliyemtuma. Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji akitaka wazazi wakamatwe, wapo wanaomuunga mkono kwa moyo wote, na wapo wanaomuuliza nani atawalisha wadogo waliobaki.

Kuhusu umri, wenye uwezo Kampala humpeleka mtoto nasari ya kulipia akiwa na miaka 3. Vijijini wengine humsubiri hata afike 8, kwa kuwa shule iko mbali na miguu bado midogo. Nawaelewa, ila gharama yake ni kubwa: binti aliyechelewa kuanza hufika darasa la tano watu wakishaanza kumzungumzia ndoa.

Karamoja, eneo la wafugaji kaskazini-mashariki mwa Uganda, ina historia yake. Husimuliwa kwamba wazee walizika kalamu kwa tambiko, kwa sababu ndiyo iliyoandika majina ya vijana waliopelekwa Vita vya Pili vya Dunia. Miaka ya 1990 ikafukuliwa. Mwaka 1998 ukaanza mpango wa ABEK, yaani elimu ya msingi mbadala kwa Karamoja, ambao uliweka masomo karibu na manyata, makazi ya wafugaji, alfajiri kabla ya kuchunga na tena jioni mifugo ikirudi. Badala ya kumsaka mchungaji mdogo malishoni, ratiba ilibadilishwa imfuate yeye, na wazazi waliokuwa wakikataa shule wakaanza kuwaruhusu watoto kusoma.