Fomati ipi ni bora? Dhana potofu za wanaohariri video za sherehe na kuchoma DVD Mtwara

Minada ya korosho ikishaanza Oktoba na fedha zikafika mikononi mwa wakulima, wapiga video wa Mtwara hawalali. Leo harusi Shangani, kesho kuna sherehe ya kuwatoa wali, yaani vijana wa jando na unyago, Tandahimba (sehemu ya hadharani tu, ya ndani yana wenyewe), keshokutwa ngoma Newala. Kazi moja hudaiwa kwa namna tatu: bibi kijijini anataka diski ya kuweka kwenye deki, vijana wanataka kipande cha kutupia status, na mwenye sherehe anataka nakala ya kutunza.

Hapo ndipo mhariri anapouliza fomati ipi ni bora, na swali lenyewe limeshakosewa. Ipo fomati ya kurekodia, ipo ya kuhariria na ipo ya kukabidhia. Anayezichanganya hulalamikia kompyuta, kisha diski, kisha mteja.

"Video ikiwa MP4 inacheza popote"

MP4, MOV, AVI na MKV ni gunia tu la kubebea picha na sauti. Gunia la korosho limeandikwa ubavuni, lakini daraja la korosho zilizomo hulijui mpaka ulifungue. Ndani ya MP4 moja kunaweza kuwa na picha zilizobanwa kwa H.264, mtindo wa mwaka 2003 ambao karibu kila kifaa cha leo kinaufahamu. Ndani ya MP4 nyingine kuna H.265 ya mwaka 2013, ambayo hubana zaidi lakini televisheni nyingi za zamani haziiwezi. Ndiyo maana faili lilelile linacheza vizuri kwenye simu ya bwana harusi, halafu kwa mjomba linatoa sauti bila picha.

AVI nayo ni vilevile. Deki nyingi zenye tundu la flashi husoma AVI iliyobanwa kwa DivX au XviD. Ukiipa AVI yenye H.264 ndani, inagoma, na mwenye deki anakwambia flashi yako ina virusi.

Kubadilisha jina la faili kutoka .mkv kuwa .mp4 hakubadilishi chochote kilichomo. Ukitaka kujua kilichomo, fungua faili kwa VLC, bonyeza Ctrl na J, usome mstari wa kodeki, yaani mtindo uliotumika kubana picha na sauti. MediaInfo, ambayo ni programu ya bure, inakupa maelezo marefu zaidi. Na ikiwa tatizo ni gunia peke yake, FFmpeg inaweza kuhamisha picha na sauti kutoka MKV kwenda MP4 bila kuzibana upya. Kazi hiyo huisha haraka na ubora haupungui hata chembe.

"Kompyuta inacheza video vizuri, basi itaihariri vizuri"

Dhana hii ndiyo iliyowauzia watu wengi kompyuta mpya ambazo hawakuzihitaji.

Simu na kamera ndogo hubana video kwa kuhifadhi picha kamili mara mojamoja. Picha zinazofuata hazihifadhiwi nzima: yanaandikwa mabadiliko tu kati ya picha moja na nyingine. Ukitazama kuanzia mwanzo hadi mwisho, kompyuta inafuata mtiririko bila shida. Ukihariri, unaruka. Unataka kukata pale mpiga ngoma anapoinua mkono, na pale hapana picha kamili, kwa hiyo kompyuta inarudi nyuma hadi picha kamili ya mwisho na kuanza kuijenga upya ile unayoitaka. Kila ukisogeza mshale, kazi inaanza tena. H.265 huumiza zaidi, kwa sababu hesabu zake ni nzito.

Dawa ni fomati ya kuhariria, ambayo kila picha ndani yake ni kamili. ProRes ya Apple na DNxHD ya Avid zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Gharama yake ni nafasi. Video ya simu ya 1080p (pikseli, yaani nukta za picha, 1920 kwa 1080) yenye megabiti 17 kwa sekunde hula takriban GB 7.6 kwa saa moja. Ukiigeuza kuwa ProRes 422 ya fremu 25 (picha 25 kwa sekunde), saa hiyohiyo inafika GB 55. Wengine wakiona faili limevimba hivyo hudhani picha imeboreka. Haijaboreka. Kilichopotea wakati simu inarekodi hakirudi, ulichonunua kwa zile GB ni wepesi wa kukata.

Kama huna diski kubwa, na wengi hatuna, tumia proksi. Programu inatengeneza nakala ndogo na nyepesi ya kila kipande, unahariri kwa hizo, na wakati wa kurenda (kutoa video iliyokamilika) inachukua faili za asili. DaVinci Resolve, Premiere Pro, Kdenlive na Shotcut zote zina njia hiyo, na mbili za mwisho hazina malipo. Kwa maoni yangu, mhariri wa harusi mwenye kompyuta ya wastani afundishwe proksi kabla ya kufundishwa madoido ya maua na mioyo inayoruka.

Jambo jingine la simu ni idadi ya fremu. Simu nyingi hazirekodi kwa kasi moja: mwanga ukipungua, fremu zinapungua. Matokeo yake yanaonekana kwenye vipande virefu, kama risala au nasaha za wazee, pale midomo inapoanza kuachana na sauti taratibu. Pitisha faili kwenye HandBrake kwanza, chagua kasi isiyobadilika, ndipo uliingize kwenye programu ya kuhariri. Kuivuta sauti kwa mkono kila baada ya dakika chache ni kujitesa.

"Nimeburuta MP4 kwenye DVD tupu, basi ni DVD"

Hiyo ni diski ya data. Kompyuta itaisoma. Deki ya bibi kule Nanyumbu huenda isiisome, kwa kuwa inatafuta folda iitwayo VIDEO_TS yenye faili za VOB, IFO na BUP, na picha zilizobanwa kwa MPEG-2. Kanuni za DVD zilipangwa katika miaka ya 1990 na hazijabadilika. Kwa Tanzania, inayofuata mfumo wa PAL, picha ni pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. DVDStyler, programu nyingine ya bure, hutengeneza yote hayo pamoja na menyu. HandBrake hufanya kinyume chake: inatoa MP4, MKV na WebM, haitengenezi diski ya video.

Piga hesabu ya pikseli hizo. Ni kama 415,000, wakati picha ya 1080p ina zaidi ya milioni mbili. Sehemu moja ya tano tu ndiyo inayofika kwenye DVD, na ukirekodi kwa 4K, yenye pikseli mara nne ya 1080p, ni moja ya ishirini. Mteja anayekwambia diski haina mng'ao kama wa simu yake anasema kweli, na si kosa la mhariri. Mwambie mapema, kabla ya malipo.

"Faili lina GB 4, DVD ina GB 4.7, linaenea"

Kwanza, ile 4.7 imeandikwa kwa hesabu ya kiwandani. Kompyuta ya Windows itakuonyesha takriban 4.38. Pili, na hili ndilo kubwa, ukubwa wa MP4 yako hauhusiki, kwa sababu picha itabanwa upya kuwa MPEG-2. Kinachohusika ni urefu wa sherehe.

Diski ya kawaida ina nafasi ya kutoa wastani wa megabiti 10 hivi kwa sekunde ikiwa video ni ya saa moja. DVD hairuhusu picha kupita megabiti 9.8, kwa hiyo weka 8 uwe salama. Kwa saa mbili wastani unashuka hadi 5 hivi, bado picha inapendeza. Kwa saa tatu unabaki na 3 na kidogo, na hapo vumbi la ngoma na vitenge vyenye maua madogo vinaanza kuvunjika vipandevipande, kwa sababu chochote chenye mwendo na nakshi nyingi ndicho kinachotaka data nyingi. Sherehe ya saa nne igawe kwenye diski mbili. Au, la heri zaidi, ikate: hakuna anayetazama foleni ya zawadi yote.

"Fremu 30 au 25, jicho halioni tofauti"

Linaona. Ukirekodi kwa 30 kisha ukachoma DVD ya fremu 25, lazima fremu tano zitupwe au zichanganywe kila sekunde, na kamera ikigeuka upande picha inarukaruka. Kama unajua kazi inaishia kwenye diski, rekodi kwa 25 au 50 tangu mwanzo. Simu nyingi zinakuja zikiwa zimewekwa 30, ingia kwenye mipangilio uone kama yako inakuruhusu.

Kuna faida ya pili. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa za ukumbini hupepesa kufuatana nao. Shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) ya 1/50 au 1/100 ya sekunde huondoa ile mistari inayotambaa kwenye picha. 1/60 mara nyingi huileta.

"Ukirenda kwa 4K video ya 1080p inang'aa zaidi"

Faili linakuwa kubwa, basi.

"Nakala ya kutunza ni ile DVD"

Diski unayochoma nyumbani huandika kwenye rangi maalumu, na rangi hiyo inaharibiwa na joto na jua. Iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari Mtwara mchana haina maisha marefu. Mbali na hilo, ubora wake umeshapunguzwa. Mwenye sherehe mpe faili la H.264 la 1080p kwenye flashi au diski ngumu, na DVD iwe ya kutazamia.

Flashi nazo zina mtego. Ikiwa imefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, haipokei faili moja linalofika GB 4, hata kama ina GB 64 tupu. Ukiigeuza kuwa exFAT itapokea, lakini deki na televisheni nyingi za zamani hazitaiona. Kwa hao, gawa video vipande viwili vya chini ya GB 4 uache FAT32. WhatsApp je? Ukituma kama video inabanwa tena; ukituma kama hati inafika ilivyo.

Diski za kugawa kwa ndugu, choma kwa kasi ya 8x badala ya 16x, usibandike karatasi ya lebo juu yake, na nakala ya kwanza ijaribu kwenye deki kuukuu kuliko zote utakayoipata mtaani. Ikicheza humo, choma zilizobaki.