Wati 20 za Leza ya Kuchora Si Wati 20 za Taa

Mashine za leza za kuchora majina kwenye vikombe vya chuma, funguo na vibao vya ofisini zimeshafika kwa mafundi wetu wa Mtwara na Lindi. Nyingi zina kibao kilichoandikwa 20W. Fundi akikisoma anaona ni nguvu ndogo, haizidi ya taa ya sebuleni, na anafanya kazi macho wazi. Sisi tunaoshughulika na leza jambo hili linatuumiza, kwa sababu zile wati 20 ni wastani tu.

Mwanga wa mashine hii hautoki mfululizo, hutoka kwa mapigo. Tuseme inatoa mapigo 20,000 kwa sekunde: basi kila pigo limebeba milijouli 1, yaani sehemu ya elfu ya jouli, kipimo cha nishati. Ni nishati kidogo mno. Lakini ikitoka yote ndani ya nanosekunde 100, nguvu ya pigo kwa muda huo ni kilowati 10. Fupisha pigo liwe nanosekunde 10 bila kupunguza nishati, utapata kilowati 100. Nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ndani yake mwanga husafiri sentimita 30 hivi. Chuma cha juu huyeyuka na kuwa mvuke kabla joto halijasambaa, ndiyo maana kikombe kinachorwa na bado unakishika kwa mkono.

Pigo kama hilo diodi ya leza, kipande kidogo kinachogeuza umeme kuwa mwanga wa leza, haiwezi kulitoa peke yake. Diodi ina wepesi: ipe umeme wa nanosekunde chache, nayo itawaka kwa nanosekunde chache. Ila haiwezi kuweka akiba ya nishati, na ukiilazimisha, uso wake mdogo unakotokea mwanga huungua. Kwa hiyo diodi huachiwa kazi ya kutengeneza pigo dogo lenye umbo zuri, kisha pigo hilo huingizwa kwenye faiba. Hii ni kioo chembamba, jamaa wa faiba ya Mkongo wa Taifa, ila kiini chake kimetiwa metali iitwayo iterbiamu. Diodi nyingine zenye nguvu, zenye urefu wa wimbi la mwanga wa nanomita 915 au 976, huimwagia faiba hiyo mwanga bila kukoma, na atomi za iterbiamu hushikilia nishati kwa takriban milisekunde 1. Kwa pigo la nanosekunde huo ni muda mrefu sana. Pigo dogo likipita, atomi huliachia nishati yao, nalo hutoka limekuzwa mara nyingi, likiwa na wimbi la nanomita 1,064 hivi.

Mashine nyingine hutumia lango ndani ya leza, linalofungwa nishati ikijikusanya kisha kufunguliwa ghafla. Njia hiyo ilionyeshwa mwaka 1962 na watafiti McClung na Hellwarth nchini Marekani. Mimi naona ile ya diodi na faiba ina faida zaidi kwa fundi, maana urefu wa pigo anauchagua mwenyewe. Hata hivyo kioo kina mipaka: nguvu ikibanwa mno kwenye kiini cha mikromita chache, mwanga huanza kurudishwa nyuma na faiba inaweza kupasuka. Wahandisi hupanua kiini na kufupisha faiba.

Sasa macho. Mwanga wa nanomita 1,064 hauonekani, lakini lenzi ya jicho huupitisha na kuukusanya kwenye nukta moja ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Kope huchukua kama robo sekunde kufumba. Kwa kasi ile ya mapigo 20,000 kwa sekunde, mapigo 5,000 yameshaingia, na pigo moja linatosha kuunguza. Retina haina maumivu, na sehemu iliyoungua hairudi. Huhitaji kutazama mwale wenyewe: mng'ao unaorudi kutoka kwenye kikombe unatosha.

Kosa ninalolihofia zaidi ni la kinga. Plastiki angavu huzuia leza ya kaboni dioksaidi ya kukatia mbao, lakini ya faiba inapita humo kama dirishani. Miwani ya jua haisaidii. Tafuta miwani iliyoandikwa 1064 pamoja na kiwango cha kuzuia, OD 6 au zaidi, na wateja na watoto wakae nje ya chumba.

Ukiona doa jeusi au ukungu baada ya kazi, nenda kitengo cha macho siku hiyohiyo hata kama huumwi, na umwambie daktari ni leza ya mapigo ya nanomita 1,064.